Wakala Wangu wa Bima Ananituma Posta

Kwako Bi. Esha, mshauri wetu wa kila Jumapili, salamu nyingi kutoka kijijini kwetu Tulia, na naomba unisaidie haraka, hata kama kuna wenye shida kubwa kuliko yangu waweke kando kidogo, kwa sababu stika ya bima kwenye gari langu inaisha tarehe thelathini mwezi huu wa kumi na sijui nikanunue nyingine kwa nani, na ukiona ni jambo dogo tafadhali soma mpaka mwisho ndipo ucheke.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, nafanya biashara ya ndengu na mbaazi, naishi na mama yangu, na mwezi wa tatu mwaka huu wa 1987 Mungu alinijalia nikanunua pikapu, Datsun ya buluu, si mpya lakini inawaka asubuhi bila kusukumwa, na woi Bi. Esha, siku ile niliendesha kutoka Kitui mjini mpaka Tulia nikiimba alto peke yangu, wanakwaya wenzangu wakasema sasa huyu amerukwa na akili. Nikaambiwa gari bila bima ni kesi, nikaelekezwa kwa wakala mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa pale mjini, hapa nitamwita Mwangangi ingawa si jina lake, na nilipanda ile ngazi nikitafuta bima, kweli kabisa, bima tu.

Mwangangi hajafika arobaini, mke wake alifariki zamani, hana makelele, anavaa tai hata na hili joto letu, na masharti ya bima anayasoma kwa sauti ya chini kama mtu anayeombea mgonjwa. Akaniuliza nataka ya mwaka au ya mwezi. Hapa ndipo dhambi yangu ilipo, Bi. Esha, kwa sababu pesa ya mwaka nilikuwa nayo, ilikuwa kwa mkoba, lakini alikuwa ameshasema kwamba wateja wa mwezi yeye huwapelekea stika mwenyewe kwa pikipiki mpaka nyumbani, basi mdomo wangu ukasema, ya mwezi.

Tangu hapo kila mwisho wa mwezi anakuja, mama anachinja kuku, yeye anabandua stika ya zamani kwa wembe, anabandika mpya, anapangusa kioo na kitambaa chake cha mfukoni, halafu kila mara ananiambia, "Dada, chukua ya mwaka. Hii ya mwezi inakuumiza, karibu unalipa mara mbili." Mimi namjibu ati biashara ni ngumu, na pikapu imesimama hapo hapo imejaa magunia ya ndengu! Moyoni nasema, kumbe huyu anataka kuniona mara moja kwa mwaka kama Krismasi.

Sasa ikafika mwezi wa nane. Mwangangi alitoka huko Tseikuru, mteja wake mmoja mfugaji mwenye lori alikuwa amempa mbuzi watatu badala ya pesa ya bima, na kwa sababu giza lilikuwa linaingia akamwomba mama wale mbuzi wakae kwetu mpaka Jumatatu, akaenda zake. Mimi nilikuwa Mutomo nanunua ndengu. Mama akahesabu, ndume mmoja, majike wawili, na kwetu Ukambani mwanamume akiacha mbuzi watatu kwa boma lenye msichana ambaye hajaolewa, hiyo ni ntheo, amemposa, hakuna haja ya hotuba. Eti kuja peke yake bila wazee, mama akasema ni ushamba wa watu wa tai, atasamehewa.

Jumatatu nafika nyumbani na pikapu, nakuta vigelegele, ami yangu Nzomo ana kisu, yule ndume yuko kwa sufuria, na nusu ya kwaya imekaa chini ikingoja! Kabla sijauliza, pikipiki hiyo, Mwangangi amekuja kuchukua mbuzi wake. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamkimbilia pale mlangoni nikamweleza kwa kunong'ona, akaangalia sufuria, akaangalia wale wawili waliobaki, akasema, "Mama asiambiwe kitu." Akalegeza tai, akaketi na wazee, akala, Bi. Esha, akaomba supu mara ya pili! Wale majike wawili aliwaacha, mpaka leo wanamaliza mikunde ya mama. Lakini juu ya mbuzi hajasema neno, na juu yangu hajasema neno.

Na mwezi uliopita ndio akaniua kabisa. Alileta karatasi amekata kwa gazeti, kuna kampuni Nairobi inauza bima kwa posta bila wakala, unajaza fomu, unatuma mani oda, wanakuletea stika ya mwaka mzima kwa barua ya rejista. Akaniambia, "Hii ni rahisi kuliko yangu. Jaza, nitakupelekea posta mwenyewe." Nilimpa chai, nikaingia jikoni nikalia. Mtu anafukuza mteja wake mwenyewe!

Sasa nishauri. Nikinunua kwa posta nitaokoa pesa lakini hatakuwa na sababu ya kuja tena, na mama itabidi ajue kwamba Tulia nzima ilikula bima ya lori ya mtu wa Tseikuru. Nikibaki naye nitaendelea kuumia mfuko, na nitakuwa ombaomba wa kuonwa. Nifuate wakala au nifuate posta? Jina langu usilitoe.

Ni mimi, Syombua, na hilo pia si langu.

BI. ESHA ANAJIBU

Syombua, jina nimelificha kama ulivyotaka, ila umetaja Datsun ya buluu, ndengu, alto na Tulia, kwa hivyo sasa aliyebaki hajakujua ni mtoto wa kunyonya. Hiyo ni shauri yako.

Nimecheka, sikufichi. Nilipomaliza nikakasirika. Miezi saba unalipa bima karibu mara mbili ili mtu aje akupanguse kioo! Pesa hiyo umeitafuta kwa jua la Mutomo, mwanangu, unaitupa kwa kuona haya. Gari linahitaji bima, na wewe unahitaji kujua kama mtu anakutaka. Haya ni mambo mawili, usiyaweke kwenye risiti moja.

Tuanze na gari. Mtu mwingine angeniuliza wakala au posta, ningemwambia asikimbilie bei peke yake, kwa sababu siku ukimgonga mtu, wakala mzuri atapanda nawe mpaka ofisi za kampuni akusemee, na posta haitapanda nawe popote. Lakini wewe wakala wako umemgeuza kuwa ugonjwa. Jaza hiyo fomu leo. Kabla ya kutuma, hakikisha kampuni ina ofisi ya kweli na simu inayojibiwa. Nenda posta kwa miguu yako, usimpe yeye, na kipande cha mani oda ukiweke pamoja na kitabu cha gari. Tarehe thelathini nunua kwake stika ya mwezi mmoja, ya mwisho, ili usiendeshe bila bima wakati barua iko njiani. Umenisikia? Ya mwisho.

Sasa Mwangangi. Babu yangu alikuja Kitui kutoka pwani, lakini mimi nimezaliwa hapa mjini, na mbuzi wa ntheo nawajua. Ebu fikiri kidogo. Lori la yule mfugaji lilikatiwa bima kwa pesa ya nani, kama mbuzi mmoja ameliwa na wawili wamebaki kwenu? Yeye ametoa mfukoni mwake. Na sijawahi kuona muuza nyama akimwonyesha mteja bucha la jirani lenye bei nafuu. Mtu huyu anaishi kwa kamisheni, na kila mwezi anakuomba umpunguzie kamisheni, nawe unaenda kulia jikoni! Una masikio wewe?

Lakini polepole, nisije nikakuuzia matumaini ya bure. Huenda anakupenda. Huenda pia ni muungwana tu, aliyeona aibu kumvunjia heshima mama mzee mbele ya wageni. Moyo wake siujui, na wewe huujui, kwa sababu tangu mwezi wa tatu umempa sababu ya kuja kila mwezi, na mtu mwenye sababu hatujui angefanya nini bila hiyo sababu. Na yeye naye ana kosa. Kula alikula, supu akaongeza, kisha kimya tangu mwezi wa nane mpaka leo! Mama yako usimwambie lolote. Aliyekula ndiye atakayesema, na akisema asije peke yake na pikipiki, aje na wazee wake kama watu wanavyokuja.

Tarehe thelathini atakapobandika, mlipe, mshukuru, umwambie wazi: "Ya mwaka nimetuma posta, kama ulivyonishauri. Bima sitakuhitaji tena. Nyumbani kwetu unakaribishwa." Maneno hayo tu, halafu unyamaze, hata ulimi ukiwasha.

Kisha ngoja tarehe thelathini Novemba. Hakutakuwa na stika ya kubandua wala karatasi ya kusaini. Asipokuja utaumia, siwezi kukudanganya, lakini utaumia mara moja, si kila mwisho wa mwezi. Na ukisikia pikipiki inaingia, Syombua, usithubutu kumwuliza habari za gari.