Goti la Mama Sifa Mbele ya Wageni

Goma, Alhamisi jioni. Mawingu yamekalia volkano tangu asubuhi, na mvua imenyesha kiasi cha kugeuza vumbi kuwa tope tu. Nimerudi nyumbani na hasira. Nimevua viatu, nimekunywa chai, hasira bado ipo.

Wacha niiandike, pengine itapungua.

Mimi ni kiné, yaani kazi yangu ni kuwafundisha watu kutembea tena baada ya ajali. Wagonjwa wananiita Docta na nimechoka kuwasahihisha. Miaka yote hii nimepima magoti kwa kipima-pembe cha plastiki na kwa macho yangu mwenyewe. Kwa hiyo wiki hii, wageni walipoingia kituoni kwetu na vyombo vyao vya kufuatilia viungo, nilifurahi kuliko wote. Asije mtu akasema nachukia mashine.

Walikuja na njia mbili. Ya kwanza ni kamera: unatembea mbele yake, nayo inaweka nukta kwenye nyonga, kwenye goti na kwenye kifundo cha mguu, halafu kwenye skrini unaona mtu wa vijiti anatembea kama wewe. Ya pili ni visanduku vidogo vinavyofungwa kwa mkanda, kimoja juu ya goti na kimoja chini yake, vinavyohisi kila mkunjo na kuutunza ndani. Kamera inataka ukumbi na mwanga. Visanduku vinakwenda popote mguu unapokwenda. Waliovitengeneza Mungu awabariki, nasema kweli.

Hasira yangu inatoka kwingine.

Wageni walikuwa wanachagua watu wa kupewa chuma cha kushika goti, pamoja na mazoezi ya bure. Mashine ndiyo ingeamua: goti linalotembea vibaya linaingia, linalotembea vizuri linabaki nje. Nilikuwa na mgonjwa mmoja ambaye sikuwa na shaka naye hata kidogo, Mama Sifa, mkulima wa Kibumba. Aligongwa na pikipiki iliyobeba kabichi, na tangu siku hiyo goti lake la kulia linamwachia kila anaposhuka mteremko na mzigo mgongoni. Shamba lake lote ni mteremko. Watoto wake wanakula kutoka kwenye mteremko huo.

Leo amefika na kikwembe kipya kiunoni, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi, na mfuko wa karoti kwa ajili ya wageni. Nikamfunga visanduku chini ya kikwembe, kamera ikawashwa, naye akatembea kwenye ukumbi wetu wa sementi.

Akatembea kama anaingia kanisani siku ya harusi ya mwanawe.

Sikuamini macho yangu. Mguu unainuka, goti linajikunja, linanyooka, kisigino kinatua. Mtu wa vijiti kwenye skrini akawa wa kijani mwanzo hadi mwisho. Kamera ikasema mzima, visanduku vikasema mzima. Mhandisi wao, kijana mwenye adabu zake, akampigia makofi, akamtoa kwenye mpango, kisha akachukua karoti moja mfukoni mwa mama akaanza kuitafuna.

Ile karoti sitaisahau.

Nikamfuata mama hadi nje. Alipopita lango tu, mahali ambapo hakuna mgeni wa kumwona, akashika ukuta wa mawe kwa mikono miwili na mguu ukakataa. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikamuuliza amefanya nini. Akanieleza polepole, bila hata kuona haya: asubuhi amemeza vidonge vya maumivu kupita kiasi anachoruhusiwa, na tangu juzi amekuwa akijizoeza kutembea uani kwake.

"Docta, bageni batoke mbali vile, mi nibaonyeshe kilema? Kwetu mutu anafagiaka nyumba bageni bakikuya."

Ndivyo. Aliufagia mwendo wake kama anavyofagia ua. Tena alidhani wanaotembea vizuri ndio watakaochukuliwa, kama shuleni, ambako anayejitahidi ndiye anayepanda darasa. Wageni walieleza yote kwa Kifaransa, na shefu wetu, mkuu wa kituo, akatafsiri robo: mutakuja, mutatembea, mutapimwa. Robo tatu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na goti la mama ndani yake.

Nilimwambia kwamba ametolewa. Kisha akaniuliza swali ambalo limenifuata hadi hapa mezani.

"Sasa ile mashine haikuona kama minaumia?"

Haikuona. Ilikuwa inaangalia pembe.

Nikarudi ndani kubishana. Mhandisi akaniambia kwa upole kwamba vipimo havina upendeleo. Na hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu vipimo vyake ni sahihi. Chombo hakikudanganya. Kiliuliza goti habari, na goti likajibu muzuri. Hapa kwetu nani anajibu vingine? Mtu amelala na njaa, paa limetoboka, mtoto ana homa, na ukimuuliza habari anakuambia muzuri tu. Ni baada ya kukaa, baada ya kuulizana habari za watu wote wa nyumbani, ndipo anashusha sauti na kuanza kukwambia ukweli. Hawa watu wamevuka mipaka na vyombo vinavyohesabu kila mkunjo wa mguu, lakini hawakukaa hata muda wa kumaliza salamu.

Na Mama Sifa namkasirikia pia. Nampenda, na namkasirikia. Tumejua kuficha maumivu vizuri mno, kisha tunalalamika kwamba hakuna anayeyaona.

Nilibishana mpaka shefu akafunga mlango ili wagonjwa wengine wasisikie. Mwishowe mhandisi, nadhani kwa kuchoka nami, akasema angeweza kupokea kipimo kipya, ila wanaondoka Jumamosi asubuhi, na mama alikuwa ameshapanda pikipiki kurudi kwake. Nikamwomba visanduku. Akavitazama, akanitazama, akanipa. Usafiri ni juu yangu, shefu amesisitiza hilo mara mbili.

Kwa hiyo kesho naenda Kibumba.

Mama Sifa anajua sasa kwamba goti linatakiwa kusema ukweli, nilimweleza pale ukutani hadi akaitikia. Lakini mazoea yana taabu. Nikimpigia simu, ataamka alfajiri kufagia na kuchemsha viazi, na vidonge atavimeza tena, kwa heshima tu. Nisipompigia, bado akiniona nimesimama penye ua wake nimeshakuwa mgeni, na goti litajikaza lenyewe. Ningekuwa na wiki nzima ningekaa hadi anizoee. Nina siku moja.

Sitampigia. Nimeshaosha buti zangu za mpira na kutafuta kikwembe cha zamani. Kiti chake nitakikataa kabla hajakifuta. Tutachimba viazi, tutapiga soga, nitalima vibaya hadi anicheke, na mizigo ikijaa tutashuka mteremko, yeye na wake, mimi na wangu, visanduku vikiwa kwenye goti lake. Mimi nitatangulia chini, ili likimwachia aniangukie mimi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kesho nitaanzia siku ya tatu.