Gunia Lake, Gunia Langu

Jumatatu, 3 Machi

Miche yangu elfu mbili na mia nne ya kabichi imekufa. Ilianza kunyauka Ijumaa, jana jioni ikaisha. Nusu eka nzima. Majani yamekauka pembeni kama karatasi iliyopitiwa na moto. Na mvua imenyesha vizuri, kwa hiyo si kiu.

Kilichobadilika ni kimoja tu: msimu huu nilimsikiliza kaka. Yeye analima ng'ambo ya mpaka. Nchi mbili ndogo hizi, ukipiga chafya kwetu wa kwao anakwambia pole, lakini kwa samadi ya kuku ni mbingu na ardhi. Sisi tunaweka kiganja kila shimo. Wao wanamwaga. "Nyie mnaogopa mavi," alinicheka, "ndiyo maana kabichi zenu ni ngumi za mtoto." Nikamuuliza kiasi. Magunia arobaini kwa nusu eka, mdogo wangu, hata usifikirie.

Sikufikiria.

Mei shule ya bweni inasubiri kabichi zangu. Mpishi mkuu hamrudii mtu aliyemwangusha. Nilianza na kuku tisa na ndoo ya kuazima, na shule hiyo ndiyo iliyonisimamisha kwa miguu yangu.

Jumanne, 4 Machi

Bwana shamba amekuja na pikipiki yake. Kang'oa mche, kanusa mzizi. Umeungua, dada. Samadi mbichi, tena nyingi. Nikamwambia kaka yangu anaweka magunia arobaini hayo hayo, na kabichi zake unaweza kuzikalia. Akasema labda udongo wa kwao ni mfinyanzi, wetu kichanga. Labda. Labda haioteshi kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia kaka. Pole sana, lakini udongo wenu mgonjwa, hauwezi chakula cha wanaume. Nikamuuliza kama samadi yake anailaza kwanza mpaka ipoe. Akasema nimeanza maswali ya kipolisi. Mara simu ikakatika — eti mtandao. Akiwa anajisifu haukatiki.

Jumapili, 9 Machi

Nimevuka mpaka. Kaka hayupo, kaenda mnadani. Wifi kanipokea vizuri, kaenda kuchemsha chai. Mimi nikachukua mzani wao wa nafaka.

Gunia lake la samadi: kilo kumi na saba. Langu, ukubwa ule ule, nililolipima nyumbani kabla ya kuvuka: arobaini na nne.

Nikalimwaga lake chini. Maranda! Kuku wake wanalala juu ya maranda ya mbao, kwa hiyo robo tatu ya gunia ni takataka za seremala. Kuku wangu wako vizimbani, kinachoanguka ni mavi matupu. Halafu lake limelala chini ya turubai tangu mwaka jana, limepoa kabisa. Langu lilitoka bandani likaingia shambani siku ile ile, linafuka mvuke.

Piga hesabu. Magunia yake arobaini yana samadi halisi kilo mia moja na sabini. Mimi nimemwaga kilo elfu moja mia saba na sitini. Zaidi ya mara kumi. Udongo wa nchi gani ungepona?

Nikataka kusema ni bahati mbaya. Lakini Desemba kaka alikuja kwangu, tukasafisha banda pamoja. Magunia ya siku ile, uzito huu huu, aliyabeba mgongoni. Alilalamika kiuno mpaka mama akamkanda kwa maji ya moto.

Nikamuuliza wifi kama kaka hakuona tofauti. Akainamia birika. Wifi yangu, mimi usinitie katikati, muulize mwenyewe. Kisha, kubadilisha mazungumzo, maskini: yule mpishi wa shule ya kwenu amezipenda sana kabichi zetu. Kaka yako alimleta kuziona.

Lini?

Jumatano, kabla mwezi uliopita haujaisha.

Jumatano ile miche yangu ilikuwa bado imesimama.

Chai sikuimaliza.

Jumatano, 12 Machi

Wiki iliyopita nilichota udongo wa shamba kwenye kopo, nikapanda maharagwe kumi. Hakuna hata moja lililoota. Nimefukua: yameoza.

Mama kasikia yote. Ndugu wakigombana, akasema, chukua jembe ukalime.

"Nilime wapi, mama?"

Baadaye akasema huenda kaka alisahau tu, kichwa chake tangu utotoni ni chujio. Nikamwambia chujio hilo halikumsahau mpishi.

Ijumaa, 14 Machi

Mpishi kapiga. Mwaka huu watachukua kwa kaka yangu, si ni mambo ya nyumba moja? Alikuwa na furaha, kama mtu anayetoa habari njema.

Jioni kaka katuma ujumbe wa sauti kwenye simu. Atakuja kesho mchana, ataleta miche mipya, tukae tuongee kama watu wazima, udongo wa kwenu na wa kwetu ni tofauti, nisiumie. Mama tayari anakung'uta godoro la chumba cha wageni. Kila kofi analolipiga nalisikia huku.

Sitaki miche. Niipande wapi? Sitaki kusikia udongo wala nchi. Nimemwandikia hivi:

Kaka. Magunia yangu uliyabeba mwenyewe, uzito wake unaujua. Uliponiambia arobaini, ulikuwa unahesabu gunia lako au langu? Nijibu neno moja, "lako" au "langu". Kesho kabla ya saa sita mchana, na kabla hujavuka mpaka.