Kadi ya Nne, ya Bweni la Wasichana

Kaka Elisante,

Leo nimeizima seva yetu, ile mashine inayogawa mtandao chuoni. Najua ungeanza kwa kuuliza kama nimezima vizuri au nimechomoa waya tu. Nimezima vizuri. Kisha nikakaa sakafuni, chumba kimya, nikalia kama siku ile mkeo alipotupigia simu kutoka hospitali.

Tangu walipokurudisha kwenu Upareni kukuzika, sijakubali mtu aiguse. Kadi tatu za mtandao, za kuchomekea kebo, ulizipanga ndani yake mwenyewe: moja ya dishi la nje, moja ya ofisi, moja ya maabara ya wanafunzi. Wenzetu chuoni waliona unajisumbua, kebo moja ingetosha wote. Ukawaambia nyumba ina mlango wa barazani na mlango wa uani, na mgeni hapitii jikoni. Mimi mtoto wa kijiji cha Mpapura, huko kusini, nikacheka, maana kwetu mgeni anaingilia uani na kukuta chungu motoni. Ulinitania mpaka basi: "Zuhura, wewe wezi utawapakulia na ugali."

Kadi ya nne, ya bweni la wasichana, ulikwisha kuileta ulipoanza kuugua homa. Ikabaki kwenye boksi lake. Wasichana wakiuliza, nasingizia umeme. Mkuu wa chuo alinivumilia, mwishowe akaniita. "Binti yangu," alisema, "marehemu aliiacha ile mashine ifanye kazi. Hakuiacha iwe kaburi."

Nilimchukia. Yeye alisafiri na jeneza, udongo akautia kwa mkono wake. Mimi sina kaburi la kwenda. Nina seva.

Basi nimeifungua, nikaipachika kadi. Ilipowaka, mambo yakavurugika: mashine imeihesabu kadi mpya kuwa ya kwanza, ya nje imechukua nafasi ya ofisi, na chuo kizima hakina mtandao. Kazi yako imeharibika mikononi mwangu! Nikafanya ulivyokuwa ukifanya: nikachomoa kebo zote, nikarudisha moja moja, taa ya kadi ikiwaka naitaja kazi yake kwa sauti, ndipo naipangia anwani. Ya nje. Ya ofisi. Ya maabara. Ya bweni nikaitaja mwisho, peke yangu, kwa sababu hiyo hukuwahi kuitaja wewe.

Mchana msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akaja mbio kusema bwenini mtandao umefika. Nikageuka nikuambie. Niligeuka kabisa, kaka, na jina lako nikaliita, mbele ya yule mtoto. Akatazama chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa.

Likizo ikifika nitapanda basi nije Upareni, shemeji anionyeshe ulipolala. Nitakaa na wewe kutwa nzima, nikueleze yote bila haraka. Kwa leo nakuaga, kaka yangu. Mungu akutunze huko uliko, mimi nimeshindwa kukuzuia.

Mdogo wako,
Zuhura