Meja na Mluzi wa Baba

Lanet, Nakuru
Alhamisi, 12 Machi 2026

Mpendwa ndugu yangu Wasike,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini joto la Doha halijakushinda. Mama ni mzima, ila magoti humsumbua asubuhi. Sisi wengine hatujambo.

Jipya ni hili: Meja hana kichaa. Daktari wa mifugo, Cherono, alisema hivyo jana baada ya kumpima. Alieleza kwamba mbwa wa aina ya Rotwaila huchagua mtu wake na hutaka kukaa karibu naye. Akifungiwa peke yake kutwa, huanza kumwona kila mtu mwizi. Ndiyo maana alimrarua Ndegwa wa maziwa suruali.

Najua umekubaliana na kampuni ya ulinzi imchukue. Ulipompigia kumwambia, Mama alikata simu kwa sababu alikuwa analia. Tangu tumzike Baba, analala peke yake katika boma lile, yeye na Meja.

Unakumbuka amri ya Baba: mchana mbwa hatoki kibandani, asije akazoea watu. Aliitangaza mpaka kanisani. Mama ameishika hadi leo, kwa heshima yake.

Mzee Ogada, aliyefanya kazi na Baba relini, alikuwepo daktari akieleza. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mama Nabalayo, mzee wako alikuwa muongo! Ukienda tu mkutano wa kina mama, anamfungulia huyu. Sisi tunacheza drafti, Meja amelalia viatu vyake, anakoroma."

Mama alishika kiuno. "Na mimi naambiwa nisimguse, ataharibika!"

Hapo nikakumbuka ule mluzi wa Baba kila tulipokaribia lango, tangu Meja aletwe. Wewe ulikuwa ukiujibu kutoka barabarani. Tulidhani anatukaribisha. Kumbe alikuwa anamrudisha Meja kibandani.

Tafadhali iambie kampuni isubiri. Wasalimie Joyline na watoto. Mama anawaombea kila jioni, kwa majina. Mungu awatunze huko ugenini.

Jumamosi saa kumi jioni daktari atarudi. Mama ataketi kwenye kiti cha Baba, Meja afunguliwe. Akitulia miguuni pake, haendi popote. Mzee Ogada ataleta drafti. Mama yuko nyuma ya nyumba sasa hivi, anajifunza kupiga mluzi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Nabalayo