King'ora cha Ekerenyo

Jumatatu, 9 Machi

Nimejaribu ving'ora tena asubuhi. Nyamache sawa. Kenyenya sawa. Ekerenyo sawa. Makarani wa vituo vya majani chai ndio hunipigia simu kusema kimelia, maana king'ora chenyewe hakijibu. Kinapokea tu.

Bado nashangaa. Kipima radi kiko juu ya paa la ofisi hapa Kisii. Radi ikianza kukaribia, seva yetu inatoa ujumbe mmoja. Mmoja tu. Ukifika kwenye ruta ya kilimani unanakiliwa, kila nakala inashika njia yake ya redio, na vilima vilivyo mbali vinapiga kelele kwa pamoja. Wataalamu wanaita maltikasti. Nimesomea kitu hiki, nakifahamu ndani nje, na bado mwili unanisisimka kila kinapofanya kazi.

Kwetu Homa Bay radi tunaitazama ikiwa mbali, juu ya ziwa. Hapa inashuka katikati ya watu.

Jumatano, 11 Machi

Nimesoma ukurasa wa waliotengeneza programu inayonakili ujumbe ndani ya ruta. Wameeleza bila kuficha mambo ambayo haiwezi. Moja limeninyima raha. Ikiwashwa, inavitambua viungo vya redio inavyovikuta wakati huo, basi. Kiungo kikikatika kisha kikarudi, haikioni. Dawa ni kuizima na kuiwasha upya. Na ikizimwa, vituo vyote vinakuwa viziwi kwa dakika kadhaa mpaka ijipange.

Nimemwambia meneja, Bwana Ondieki. Akasema Ekerenyo wana betri ya sola, kiungo hakitakatika. Sijaridhika.

Alhamisi, 12 Machi

Ekerenyo. Nimekagua betri. Imechoka.

Mama Kerubo ndiye karani anayepima majani pale. Nilikuwa namjua kwa sauti ya simu tu. Mrefu, mpole, haongei haraka. Amenipa uji, kisha akanionyesha chai iliyo nyuma ya kituo, inayoshuka hadi bondeni. Mwaka juzi radi ilimuua mdogo wake pale akichuma.

"Alikuwa mbele yangu tu, mwanangu. Nilikuwa naongea naye."

Hakulia. Aliangalia mstari ule wa chai kwa muda mrefu. 

Siku hizi king'ora kikilia, wachumaji wote wanakimbilia kituoni, ambako kuna kikinga radi. Kinarudia kulia maadamu hatari ipo. Kikinyamaza, wanarudi shambani. Ndivyo ofisi ilivyowafundisha, huko na kwingine kote.

Njia nzima ya kurudi nimewaza hilo. Tumewafundisha watu kwamba kimya ni salama.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua fupi, radi chache. Nyamache na Kenyenya walisikia. Ekerenyo, kimya. Betri ilikufa, ikafufuka. Kwenye kompyuta kiungo kilikuwa kijani kabisa, kizima, na programu ikakipita kana kwamba hakipo. Nimeizima na kuiwasha, Ekerenyo wakapata.

Hakuna aliyeumia. Ni Sabato, wengi wao walikuwa kanisani. Ingekuwa siku nyingine je?

Nimeogopa. Bwana Ondieki naye ameogopa, nimemwona usoni. Betri mpya imeagizwa. Nimeanza kutengeneza njia ya pili, ya kumtumia Ekerenyo ujumbe wake peke yake, moja kwa moja, bila kutegemea nakala. Haijakamilika.

Jumatano, 18 Machi

 Niandike tu.

Mchana wingu liliinuka upande wa Nyamache. Sijawahi kuona kitu kama kile. Si jeusi. Zambarau, na chini yake kijani. Likafunika hadi Kenyenya. Ving'ora vya huko vikalia, vikaendelea kulia. Halafu likageuka kaskazini, kuelekea Nyamira, iliko Ekerenyo.

Kiungo cha Ekerenyo kikakatika. Kikarudi. Kijani. Programu haikioni.

Nikampigia Mama Kerubo. Hashiki. Tena. Hashiki. Ni saa ya kupima majani, simu iko mkobani.

Bwana Ondieki alisimama nyuma ya kiti changu. "Achieng', ukizima hiyo, Nyamache wanatoka nje. Na radi bado iko juu yao."

"Nisipozima, Ekerenyo hawaingii ndani."

 Mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, tulikuwa tunapigiana kelele ingawa tuko chumba kimoja.

Nikampigia Makori, karani wa Nyamache. Nikamwambia king'ora kitanyamaza lakini hatari haijaisha, mtu yeyote asitoke. Akasema, "Sawa madam, nasimama mlangoni mimi mwenyewe." Kenyenya nilimpata Mogaka, fundi wetu wa minara, alikuwa ameenda huko kukaza nyaya. Nikamweleza. "Nimekuelewa. Hakuna atakayenipita."

Nikaizima.

Dakika zile. Vituo vyote viziwi, na mbingu inawaka. Nilikuwa naona radi dirishani zikishuka mbili kwa pamoja, tatu, nyeupe, mashina yenye mizizi. Niliomba. Niliogopa, na wakati huohuo sikuweza kuacha kuangalia. Ilikuwa nzuri. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ilikuwa nzuri.

Programu ikaamka. Ikavitambua viungo vyote. Ujumbe ukatoka. Nyamache na Kenyenya wakanipigia, vimelia. Ekerenyo sikujua. Hakuna namna ya kujua.

Simu ikaita. Mama Kerubo.  Alikuwa ameinua simu juu tu. Nikasikia king'ora, mlio wake wote. Nikasikia miguu inakimbia, wanawake wanaitana kwa Kigusii, mtu anacheka kwa hofu. Nikampa Bwana Ondieki asikilize, akaweka sikio, akafumba macho.

Halafu mlio ambao sina jina lake. Laini ikakatika.

Nilikaa chini sakafuni.

Ilikuwa karibu jioni alipopiga kwa simu ya jirani. "Tuko wote, mwanangu. Nimewaita mmoja mmoja kwa majina. Wote wameitika."

Alhamisi, 19 Machi

Nimeenda Ekerenyo kuona.

Katikati ya chai palikuwa na mkaratusi. Shina limepasuka toka juu hadi chini, maganda yametupwa hadi barabarani. Ardhi imechanika kufuata mizizi, mifereji imeenda kila upande kati ya mistari ya chai, na majani ya pembeni yameiva kahawia. Vikapu viko palepale vilipoachwa. Kimoja kimeungua upande mmoja. Majani ndani yake mabichi kabisa.

Wachumaji walikuja mmoja mmoja kuangalia.  Mwanamke mmoja alivua viatu kabla ya kukaribia. Sikumuuliza kwa nini. Nami nikavua vyangu. Udongo ulikuwa baridi.

Nguvu hiyo ilitoka juu kufumba na kufumbua. Na kilichowaondoa watu pale ni ujumbe mdogo, hata hauwezi kujaza mstari wa daftari. Sijui niviweke vipi vitu hivi viwili kichwani kwa pamoja.

Jumatatu, 23 Machi

Betri mpya imefungwa. Njia ya pili imekamilika, sasa Ekerenyo anatumiwa ujumbe wake peke yake pia. Bwana Ondieki amekubali tubadilishe mafunzo bila kubishana. Kimya hakimaanishi lolote tena. Hatari ikipita kuna mlio wake, mrefu na wa chini. Usipousikia, kaa ndani.

Mogaka na Makori wamezunguka Kenyenya na Nyamache kufundisha. Mama Kerubo amefundisha wake kwa Kigusii. Alinitafsiria kidogo. Alikuwa anawaambia chombo hiki hakioni kila kitu, kwa hiyo nao waangalie juu.

Jumapili, 29 Machi

Misa ya pili. Katikati ya mahubiri mvua ikaanza, bila radi, nzito. Mabati yakanguruma. Padre alijaribu kupaza sauti, akajaribu tena, akatabasamu, akaketi. Kwaya nayo ikakaa.

Kanisa zima tukanyamaza tukaisikiliza. Mtoto wa mbele yangu alilala. Hakuna aliyeangalia saa. Ilipopungua, tulibaki bado tumekaa.