Mazombi Wanapona, na Mimi Sifurahi

Mshauri mpendwa, nisitiri kwanza ndipo unisaidie, maana haya hata dada yangu siwezi kumwambia. Tangu mazombi wajae mtaani mimi na mume wangu tumejifungia ndani, na aibu yangu ni kwamba sijawahi kufurahi hivi tangu anioe. Yeye ni seremala, na nyumba ya seremala unaijua, miaka yote mlango wetu wa jikoni ulishikiliwa na kamba, naye akirudi anakula, analala, hata habari za kutwa hakuna, lakini siku hizi mlango una makomeo mawili, madirisha yote yamezibwa kwa mbao, ila ameacha upenyo mmoja akauwekea benchi la watu wawili, hapo ndipo tunakaa bega kwa bega tukiwasema wanaopita, mwenye nyumba wetu anaburuta mguu lakini bado anagonga milango ya wapangaji, bosi wangu anapita na tai yake akinguruma vilevile, mume wangu anacheka hadi ananiegemea, na wifi yangu aliyezoea kuja siku mbili akakaa miezi yuko salama kwake na mimi niko salama kwangu. Sasa juzi redio imetangaza kwamba dawa imepatikana, wanaodungwa wanarudi wazima, na wiki ijayo kila mtu kazini. Nikatoa betri nikazificha kwenye kopo la chumvi, nikamwambia redio imekufa. Hata kuifungua hakuifungua, alichukua nyundo akapanda paani kuongeza misumari. Barua hii namdondoshea askari anayepita sasa hivi akitangaza habari hizohizo kwa kipaza sauti, bahati nzuri mume wangu yuko juu anagonga, hasikii. Nifanyeje asijue? Nikimpoteza tena, sidhani kama nitampata.

Mke wa Seremala

JIBU

Pole mama, halafu nikugombeze kidogo. Wenzako wanasubiri watoto wao wadungwe wapone, wewe unatia betri kwenye chumvi. Zitoe, zitaota kutu.

Sasa nisikilize. Kipaza sauti kimesikika mtaa mzima, aliye juu ya paa ndiye asisikie? Redio imekufa, na fundi mwenye mikono yake asiifungue hata kuitazama? Na hiyo misumari anaongeza ya nini, kama nyumba hata panya hapiti? Mumeo anajua. Anaogopa hichohicho unachokiogopa wewe, ila yeye ana nyundo.

Leo jioni rudisha betri mbele yake, msikilize taarifa ya habari pamoja. Kisha mwambie kwa mdomo wako ulichoniambia mimi, kwamba miaka yote hiyo ulimkosa akiwa humohumo ndani. Ile kamba ya mlango usiitaje, utaharibu. Mbao azing'oe mpate hewa, lakini komeo moja libaki, na mlifunge kila jioni kama kawaida. Wifi akija, atafutiwe kiti kingine.

Benchi lisisogezwe. Mwenye nyumba na bosi wako watapita tena wakiwa wazima, na kwa jinsi ulivyowaeleza, mtakuwa na kazi ya kuitafuta tofauti.