Salamu za Sista wa Ubaruku

Shangazi yangu, Kamwene.

Najua huko uliko umeitikia, maana sijapata kukuona ukiiacha salamu ya mtu ianguke chini. Leo nakuandikia kwa maringo. Ulinifundisha nisijisifu, lakini leo utanisamehe: nimeshinda, na ushindi wenyewe nusu yake ni wako.

Bado nipo Mbeya, hapahapa Iyunga, kwenye ile ofisi uliyosema ina baridi kuliko wodi ya Iringa mwezi wa saba. Kazi yangu ni ileile ya kutunza seva za barua pepe za kampuni za watu. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwenye malori, Bwana Karim na duka lake la vipuri, barua zao zote za biashara hupitia mikononi mwangu. Zikifika, hakuna anayekumbuka kwamba nipo. Zisipofika, mchawi ni mimi. Ulipokuja kunitembelea ulikaa nyuma yangu asubuhi nzima ukinitazama nikibonyezabonyeza, halafu ukaniuliza, "Mwanangu, sasa mgonjwa yuko wapi?" Nilicheka, lakini iliniuma. Wewe ulikuwa umeuguza watu maisha yako yote, Iringa na kwenye kambi za wakimbizi kule Kigoma. Mimi niliyesomeshwa kwa mshahara wa kudunga sindano sikuwa na mgonjwa hata mmoja wa kukuonyesha.

Lakini ngoja kwanza nikukumbushe ile ajali ya basi.

Nilikuwa nimekuja kwako zahanati kuchukua ufunguo wa nyumba, bado nimevaa sare za shule, mara wakaanza kuletwa majeruhi kwenye pikapu na kwenye malori. Ua wote ukajaa vilio. Ukanisukuma kwenye benchi ukaniambia, "Kaa hapo, na usilie, ukilia utaniongezea mgonjwa." Kisha ukafanya jambo lililowaudhi watu. Badala ya kukimbilia damu, ukaanza kupita kwa kila mmoja ukimsalimia. Kamwene. Kamwene. Aliyejibu kwa kilio ulimgusa bega ukampita. Jamaa mmoja akafoka, "Nesi gani huyu, watu wanakufa yeye anaamkiana!" Uliendelea kusalimia. Ulikwenda mpaka kwa kijana aliyeegemea ukuta, hana hata mkwaruzo, ukamsalimia mara mbili, naye hakuitikia. Hapo ndipo ulipopiga kelele ya kumwita daktari. Kumbe alikuwa anavuja damu kwa ndani. Akapona.

Njiani kurudi nyumbani Kalenga ukanieleza kana kwamba ni habari ya kupika maharage. "Anayelia ana pumzi. Mimi namtafuta aliyenyamaza." Na huko kambini Kigoma, siku walizoingia watu wengi kwa mpigo, ulifanya hivyohivyo.

Sasa sikiliza. Mvua za mwaka huu zilimwaga maji kwenye bonde la Usangu mpaka barabara zikakatika. Shirika moja la tiba ya dharura likaweka mahema kwenye vijiji kadhaa, na stoo yao ya dawa ikawa hapa Mbeya. Minara ya simu upande ule ilikuwa imezimika. Kila kituo kilibaki na kisahani cha setilaiti na kompyuta moja, na maombi yote ya dawa yakawa yanakuja kwa barua pepe kupitia seva yangu. Kwa hiyo, Shangazi, hatimaye nikapata wagonjwa.

Asubuhi moja mambo yakaharibika. Barua zilikuwa zinachelewa, na simu ya ofisini haikupumzika. Mwenye malori anafoka, Bwana Karim analalamika kwa upole wake unaochosha kuliko matusi, vituo vya mahema navyo vinaandika kuuliza mbona havijibiwi. Isipokuwa kimoja. Kituo cha Ubaruku, ambako mpunga ulikuwa umelala chini ya maji na watu wamebanana shuleni, hakikuuliza kitu. Nikawapigia stoo. Wakasema Ubaruku hawajaomba chochote tangu juzi, bila shaka wako vizuri.

Nikamwambia meneja wangu naanza na Ubaruku. Akanitazama kama nimepungukiwa. "We mnyalukolo wa Iringa, wateja wakubwa wanapiga kelele, wewe unahangaika na watu ambao hata hawajalalamika? Anza na hao wanaolia!"

"Hao wanaolia wana pumzi, bosi."

"Ndiyo Kihehe hicho?"

"Ndiyo kazi," nikamjibu, na nikageuza kiti. Nilijua ningekosea, kibarua changu kingeota nyasi mchana huohuo.

Nilizikuta, Shangazi. Barua za Ubaruku zilikuwa zimefika kwenye seva, lakini zilikuwa zimefungiwa kwenye karantini, mahali kichujio kinapoweka barua za matapeli. Aliyeziandika ni Sista Tumaini, muuguzi wa zamu. Ya kwanza ilianza: "Kamwene kaka wa stoo. Habari za Mbeya na baridi yake? Mama na watoto wameamkaje? Sisi huku Mungu anatutunza." Akaendelea hivyo, akauliza mavuno, akaombea baraka, na mwisho kabisa, chini ya salamu zote hizo, ndipo akasema kuhara kumeingia na dripu zinakwisha, naomba msaada wa haraka. Kichujio chetu kimetengenezwa na watu wa mbali. Kwao mtu usiyemjua akikuuliza habari za watoto, akakuombea kwa Mungu, halafu akaomba msaada wa haraka, huyo ni tapeli bila kesi.

Na Sista, alipoona hajibiwi, unajua alifikiri nini? Alifikiri hakusalimia vya kutosha! Barua ya pili ikawa na salamu ndefu zaidi. Ya tatu ikamsalimia mpaka mlinzi wa getini. Kichujio nacho kikazidi kumkazia. Nilicheka huku machozi yananitoka, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mzazi gani wa kwetu angekuruhusu uombe chumvi kwa jirani kabla hujajua kaamkaje?

Nilizifungulia zote, na kabla hazijafika nikawa nimeshawapigia stoo kuwasomea kilichohitajika. Dripu na klorini zikapakiwa kwenye gari, na gari liliposhindwa, zikahamishiwa kwenye trekta la mkulima mmoja wa Mbarali aliyelipitisha majini kama anakwenda kulima. Jioni Sista akaandika kwamba mzigo umefika. Alianza, bila shaka, kwa kuuliza nimeshindaje.

Kesho yake meneja, ambaye sasa alikuwa anamsimulia kila mteja kama vile wazo lilikuwa lake, akanishauri niwaandikie wauguzi waraka waache salamu ndefu. Nikakataa. Nilimwambia kichujio ndicho kijifunze adabu. Nilikaa nacho nikakilisha barua za watu wa huku, za Wahehe, Wasangu, Wabena na Wanyakyusa, mpaka kikaacha kuwashuku watu wenye heshima. Sasa hivi ukiniandikia wewe, Shangazi, na zile salamu zako zinazojaza ukurasa, barua itapita bila kuulizwa.

Maji yalipopungua wakanichukua kwenda Ubaruku kurekebisha kisahani. Sista Tumaini ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Tulisalimiana mpaka dereva akazima gari. Kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya hema. Vile vitanda vya kipindupindu, vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, vilikuwa vimeoshwa na kupangwa juani. Hakuna kilichokuwa na mtu.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Wamerudi mashambani."

"Wote?"

"Wote, mdogo wangu. Hatujazika hata mmoja."

Shangazi, tangu asubuhi ile nilipofika wodini na uji wako, nikakuta shuka limebadilishwa na wewe hupo, sijaweza kukitazama kitanda kitupu cha mgonjwa. Nikienda kumwona mtu hospitali napita nimeinamisha macho. Pale Ubaruku niliinua macho nikavitazama vyote, kimoja baada ya kingine. Halafu nikapiga vigelegele. Sista akavipokea, na kina mama waliokuwa wakisuuza ndoo nao wakavipokea, tukavipigia vitanda vitupu kwa furaha hadi tukaishiwa pumzi.

Pumzika sasa, zamu yako uliifanya vizuri.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.